Swali la Wodini Kwanza, Uzamivu Baadaye

Saa kumi na moja alfajiri, zamu ya usiku ikikaribia kwisha, utamkuta muuguzi wa wodi ya wazazi ameketi na rundo la patografu, zile fomu za kufuatilia mama na mtoto wakati wa uchungu wa kuzaa, mbele yake. Anajaza. Mapigo ya moyo wa mtoto saa nne usiku: 140. Saa nne na nusu: 138. Saa tano: 142. Nambari zimepangika vizuri mno, kwa kuwa hakuna aliyezipima. Mama alishajifungua tangu saa saba, yuko kitandani ananyonyesha, na fomu inajazwa ili msimamizi wa wodi akifika asubuhi asikose kitu.

Muuguzi huyo nilikuwa mimi. Ilikuwa hospitali moja ndogo kaunti ya Kakamega, nami nilikuwa na diploma na miaka mitatu kazini. Nasema waziwazi kwa sababu uzamivu wangu ulianzia kwenye dawati lile. Wauguzi wadogo wanaonijia siku hizi hapa Kisumu na kuniuliza, "Sista, nami nikasome PhD?" wengi huanzia kwingine. Wanaanzia kwenye cheo, au mshahara, au mwenzao amekwisha kujisajili. Sisemi hayo ni mabaya. Mshahara unalipa karo za watoto. Lakini mimi huwauliza kwanza: ni jambo gani la wodini kwako ambalo ukifika nyumbani bado unalo kichwani?

La kwangu lilikuwa zile fomu. Kila wakaguzi walipokuja na kukuta patografu tupu, dawa ilikuwa ni moja: semina. Tulienda semina, tukanywa chai, tukajifunza upya jinsi ya kuchora mstari wa tahadhari. Tukarudi, na fomu zikabaki tupu vilevile.

Nilipofika shahada ya uzamili ndipo nilipofanya hesabu ambayo hata mwenye diploma angeifanya, ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni kazi yangu. Patografu inataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa uchungu ukishashika kasi. Chukua usiku mmoja wenye akina mama sita wa namna hiyo na muuguzi mmoja. Ni mara 12 kwa saa. Kunawa mikono, kumgeuza mama, kuutafuta moyo wa mtoto kwa fetoskopu, kile chombo cha kusikilizia tumboni, kuhesabu dakika nzima, kuandika: dakika tano, ukiwa mwepesi. Zidisha. Ni dakika 60. Saa nzima imekwisha na bado hujapokea mtoto hata mmoja, hujapima presha ya mtu, hujamtazama aliyejifungua saa moja iliyopita kama anavuja damu. Fomu haikuwa tupu kwa uvivu, wala kwa kutojua. Ilikuwa tupu kwa sababu saa ina dakika 60 tu.

Nilipoiona hesabu ile imeandikwa kwa mkono wangu nililia. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimejiona mimi ndiye muuguzi mbaya.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi ya muuguzi mwenye uzamivu: kulichukua lalamiko ambalo kila mtu wodini analijua na kuligeuza kuwa nambari ambayo mwenye bajeti hawezi kuipita kando. "Tuko wachache" tumeisema kwa vinywa, tumeisema barabarani. Mwaka 2017 mgomo wetu ulidumu karibu miezi mitano. Mwaka 2002 Linda Aiken, muuguzi mwenye shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, pamoja na wenzake waliichapisha kauli hiyohiyo kwa namna nyingine. Walichunguza hospitali 168 na wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 200,000, wakakuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Nambari hiyo imetajwa mbele ya mabunge na mawaziri katika nchi nyingi. Aliyeuliza swali lililoizaa alijua wodi kwa ndani.

Sasa, kuna shahada mbili na watu huzichanganya. PhD inakufunza kutafuta jibu ambalo bado halipo. Ile nyingine, DNP (Doctor of Nursing Practice), ni udaktari wa utendaji wa uuguzi: jibu lipo tayari, wewe unajifunza kulifanya liishi hospitalini, kupanga watu, kupima kama mambo yamebadilika, kuongoza. Huko Marekani programu ya kwanza ya DNP ilianzishwa Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 2001, na mwaka 2004 umoja wa vyuo vyao vya uuguzi ukapendekeza wauguzi wa ngazi ya juu wote wawe nayo kufikia 2015. Lengo hilo halikutimia, ingawa programu zimeenea. Kwetu wengi huenda njia ya PhD. Nakushauri hivi: hata ukisoma PhD, jifunze akili ya DNP, kwa sababu hospitali zetu zina kiu ya utendaji kuliko ya nadharia.

Mfano mzuri uko hapahapa. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Badala ya kukisia damu kwa macho baada ya mama kujifungua, waliweka chini yake plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu ikifika mstari, mambo yote yanafanywa kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, dawa za kuukaza, asidi ya tranexamic ya kusaidia damu kuganda, maji ya mshipa, na kuchunguza damu inatoka wapi. Kuvuja damu kwa kiwango cha hatari, pamoja na upasuaji na vifo vitokanavyo, kulipungua kwa asilimia 60. Kila dawa kati ya hizo ilikuwa ikijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba saa nane usiku, kule Butere au Ahero, plastiki ipo, dawa haijafungiwa kabatini, na muuguzi hahitaji kumpigia mtu simu ndipo aanze. Kazi hiyo ni ya muuguzi aliyesoma na ambaye bado anajua ufunguo wa kabati hukaa na nani.

Uongozi nao ni hapo. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo meza inayoamua wauguzi wangapi wataajiriwa iko mjini kwenu, si Nairobi. Mara ya kwanza nilipoketi kwenye meza ya namna hiyo nilikwenda na rejista ya wazazi, MOH 333. Rejista ile ina saa ya kila kuzaliwa, na kwa miaka ilikuwa ikijazwa, ikifungwa, ikiwekwa stoo. Nilikuwa nimezihesabu saa zile kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Watoto walizaliwa usiku sawa na mchana, lakini mchana tulikuwa wauguzi wanne na usiku mmoja. Sikuhutubia. Niliifungua rejista mbele ya mhasibu. Hatukupata muuguzi mpya hata mmoja, maana fedha hazikuwepo. Tulichopata ni mmoja wa mchana kuhamishiwa usiku. Ukidhani hilo ni dogo, kaulize akina mama waliojifungua mwezi uliofuata.

Kuhusu kuitwa "daktari", nina neno. Siku moja hapa Kisumu mwanafunzi aliniita "Dokta" mbele ya dani mmoja, yaani bibi mzee kwa Kijaluo, aliyevunjika mguu. Asubuhi yote dani yule akanisubiri mimi nimwambie atapasuliwa lini, na daktari wa upasuaji alipopita hakumuuliza kitu. Tangu siku ile, kando ya kitanda husema hivi: "Dani, mimi ni muuguzi. Daktari wa upasuaji atapita saa nne, na akija nitakuwepo." Chuoni na kwenye mikutano cheo changu nakitumia bila haya, nimekitolea jasho. Mgonjwa ana haki ya kujua anaongea na nani.

Sasa mambo ya nyumbani, ambayo hayaandikwi kwenye tangazo la chuo. Miaka mitatu ya karatasini huwa minne, mitano. Kaeni kikao na mwenzako kabla hujajaza fomu, na mama mkwe awepo kama yeye ndiye atakayebaki na watoto. Lipa karo kwa muhula. Mkopo wa sacco wa karo yote kwa mara moja utakukaba kabla hujamaliza sura ya pili. Barua yangu ya kuomba ruhusa ya masomo ilikaa katika ofisi moja miezi minane, na nilipoulizia nikaambiwa haikufika. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Ukipewa ruhusa yenye mkataba wa kurudi kufanya kazi, soma ni miaka mingapi kabla hujatia sahihi. Vibali navyo vina foleni yake: kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, barua ya kaunti, kisha hospitali yenyewe. Anza mapema. Msimamizi wa utafiti usimchague kwa jina. Waulize wanafunzi wake sura zao hurudi baada ya muda gani.

Na usiiache wodi kabisa. Mimi kila Jumatano niko wodini na sare yangu. Wenzangu wengine chuoni wanaona napoteza wakati, lakini maswali yangu yote mazuri yametoka Jumatano.

Kama umesoma mpaka hapa na bado moyo unataka, usianze na tovuti za vyuo. Nunua daftari dogo linaloingia mfuko wa sare. Kila zamu, kwa miezi mitatu, andika saa uliyoingia, mlikuwa wauguzi wangapi, wagonjwa wangapi, na kitu kimoja kilichopaswa kufanywa kikakosa kufanywa, pamoja na sababu. Usitaje jina la mgonjwa wala la mwenzako. Kisha njoo nalo, tulisome pamoja.