Maswali ya Bustani: Fayabushi Imejaa Majani, Mbona Haitoi Maua?

SWALI: Shikamoo anti. Naishi Houston, Texas. Nilipanda fayabushi, kile kichaka cha maua mekundu ya chungwa, pembeni ya baraza kwa sababu jirani yetu anayo na kila ikifika Septemba hamingibadi, wale ndege wadogo sana wanaokunywa asali ya maua, wanajaa kwake mpaka raha. Ya kwangu imeota vizuri, majani ya kijani kibichi, lakini maua ni mawili matatu tu. Mume wangu huwa anaikata kila akikata nyasi, anaifanya iwe mraba kama fensi ya ofisini, na mbolea anaipa ileile ya nyasi. Maji inapata kila siku. Tunakosea wapi? Na nikitundika chupa ya maji ya sukari si itasaidia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto aweke mkasi chini, hapo ndo penye shida. Fayabushi, yaani Hamelia patens, inatoa maua kwenye ncha za matawi mapya, ile sehemu changa ambayo kikonyo chake kina wekundu, sasa mkikata ncha kila baada ya wiki mbili mnakata maua kabla hayajatokea, na mmea unaanza upya kutoa matawi, mnakata tena, mwaka mzima unapita hivo. Huu mti si wa kufanyiwa mraba. Asili yake unataka kumwagika pembeni, mita 2 hadi 3 kwenda juu na karibu hivohivo kwa upana, kwa iyo kama hapo barazani nafasi ni ndogo bora muuhamishe mapema spring kuliko kuupigania kila wiki. Kupogoa ni mara moja, mwisho wa Februari au Machi baridi ikishapita, mnakata kwa nguvu kabisa hata mkitaka, alafu mnaacha.

Mbolea ya nyasi nayo acheni. Ile imejaa nitrojeni, kazi yake ni kutengeneza majani na ndo maana unaona kijani kinang'aa lakini maua hamna. Weka mboji kidogo kwenye shina mwanzo wa spring, inatosha. Maji ya kila siku ni ya nini? Mmea ukishashika mizizi unavumilia ukame vizuri tu, mwagilia kwa wingi mara moja kwa wiki kama mvua hamna na joto ni lile la Houston tunalolijua. Jua ndo usiunyime, angalau saa 6 kwa siku, kwenye kivuli utaishi lakini utarefuka na kuchanua kwa uvivu.

Sasa ukiuacha utaona. Maua yake ni vijibomba vyembamba vyekundu vya chungwa, urefu kama sentimita 3, vinakaa vishada vishada kwenye ncha, na asali ya ua iko chini kabisa ambako nyuki wengi hawafiki. Hamingibadi anafika. Anasimama hewani bila kushika tawi, mabawa yake yanapiga kama mara 50 kwa sekunde, anaingiza mdomo, ulimi unalamba zaidi ya mara 10 kwa sekunde moja, anarudi nyuma, ndio, anaruka kinyumenyume, anahamia ua la pili. Nakuomba siku moja ukae pale barazani asubuhi usifanye kitu kingine, uangalie tu.

Na hiyo Septemba ya jirani yako si bahati. Wale hamingibadi wenye koo jekundu, dume ndo mwenye koo hilo, wanatoka Kanada na mashariki ya Marekani wanateremka kwenda Mexico na Amerika ya Kati, wanapita pwani ya Texas kwa wingi kuanzia Agosti mpaka Oktoba. Ndege wa gramu 3! Wengine wanavuka Ghuba ya Mexico moja kwa moja, kama kilomita 800 bila kutua, na kabla ya safari inabidi wanenepe mpaka uzito unakaribia kuwa maradufu. Kwa iyo maua yako ya mwisho wa kiangazi ni chakula cha safari, yakikosekana wakati huo umewanyima pale wanapohitaji zaidi. Hapo mjini kwenu kuna aina nyingine wachache wanabaki hata winter.

Chupa ya sukari inasaidia, tundika. Kikombe 1 cha sukari nyeupe kwa vikombe 4 vya maji, basi. Usitie asali ya nyuki wala rangi nyekundu hata kama dukani wanauza. Kwenye joto badilisha kila siku mbili na uioshe kwelikweli kwa sababu yale maji yanachacha na kuota ukungu, na ndege anaumwa. Kama huna muda wa kuosha usitundike, ua halihitaji kuoshwa.

SWALI: Anti habari za kazi. Niko Orlando, Florida. Nimeona nasari, pale wanapouza miche, wanauza fayabushi wameandika ni ya Afrika, fupi, maua yake yana njano zaidi. Nikafurahi nikajua ni kitu cha nyumbani. Nichukue hiyo au ile ya kawaida? Nataka pia kuzizalisha nyingi niweke ukuta mzima.

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Hiyo si ya kwetu. Hamelia zote asili yake ni bara la Amerika, hiyo ya njano ni ya Mexico kushuka kusini, jina la Afrika ni la biashara tu. Undugu na kwetu upo lakini kwa njia nyingine, fayabushi iko familia moja na kahawa, kama umekulia Bukoba au Moshi angalia jinsi majani yanavyotoka kwenye fundo utaona.

Wewe uko Florida ambako fayabushi nyekundu ni mmea wa asili, chukua hiyo. Igeuze jani uliguse, ya asili ina vinyweleo laini na mara nyingi majani yanakaa matatu matatu kwenye fundo moja, ile ya njano jani lake ni laini linateleza. Uliza pia kama wameipiga dawa ya wadudu ya kuingia ndani ya mmea, maana hiyo inafika mpaka kwenye asali ya ua. Wakishindwa kukujibu nenda nasari nyingine.

Kuzalisha ni rahisi. Kipindi cha joto kata kipande cha sentimita 10 hadi 15 kwenye tawi ambalo si changa sana wala halijakomaa kuwa mti, toa majani ya chini, bakiza mawili juu, chomeka kwenye mchanga mchanganyiko na mboji, weka kivulini penye unyevu. Baada ya wiki kadhaa kivute kidogo sana, kikikataa kutoka kina mizizi. Kwenye ukuta achia mita moja na nusu kati ya mche na mche, utaona pako wazi mwaka wa kwanza, vumilia.

Na ukikuta kiwavi mnene mwenye madoa kama macho anatafuna majani, mwache. Ni mtoto wa nondo mkubwa, mmea utarudisha majani. Hamingibadi mwenyewe hawalei makinda kwa asali tupu, wanawalisha vidudu na buibui wadogo, sasa bustani iliyopuliziwa dawa mpaka haina mdudu inawapa shida hata kama ina maua mia.

SWALI: Dada, hapa Dallas fayabushi yangu imekufa baada ya baridi, imebaki vijiti vyeusi. Ning'oe?

JIBU: Usiing'oe kaka. Kwaruza gome karibu na ardhi kwa kucha, ukiona kijani mmea uko hai. Usipoona pia subiri, maana mizizi inachelewa kuamka, mpaka mwisho wa Aprili au hata Mei ndo vichipukizi vinatokea chini. Baridi ile ya Februari 2021 hata Houston ilifika karibu nyuzi 10 chini ya sifuri na zipo zilizorudi kutoka kwenye mizizi. Dallas lakini ni baridi zaidi mara kwa mara, kabla ya winter ijayo funika shina kwa matandazo mengi, sentimita 10 au zaidi, na kata vipandikizi viwili uweke ndani dirishani iwe akiba.

SWALI: Hujambo dada? Mimi niko Tanga. Dada yangu yuko Florida anakuja Desemba, nimemwambia anibebee vipande vya fayabushi kwenye begi nivutie hamingibadi huku. Kuna hewa ya bahari na joto, naamini itakubali. Nifanyeje isikauke njiani?

JIBU: Sijambo kaka. Kukubali ingekubali, ila nakusihi umwambie asibebe. Mmea wowote unaoingia Tanzania unatakiwa uwe na kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mimea kutoka ulikotoka, na Kenya ni hivohivo kwa KEPHIS, shirika lao la ukaguzi wa mimea. Wadudu na magonjwa yanasafiri kwenye shina na udongo, mkulima wa jirani yako asije akalipia bustani yako. Alafu matunda ya fayabushi, yale madogo yanayotoka kijani yanakuwa mekundu mpaka meusi, ndege wanayapenda na wanamwaga mbegu kokote.

La pili, hamingibadi hawezi kuja. Anaishi Amerika tu, kuanzia Alaska mpaka ncha ya kusini kabisa, huku kwetu hayupo hata mmoja. Huku yupo ndege anayeitwa chozi, na wewe Tanga unaye kila siku bila shaka, yule mdogo anayemetameta kijani na zambarau juani, mdomo umejipinda. Wengi wanadhani ndo hamingibadi wa Afrika lakini ni ukoo tofauti kabisa, wamefanana kazi tu. Chozi anaweza kupapatika hewani kidogo lakini anapenda kushika tawi ndo anywe, kwa iyo mpandie mti wenye pa kushika.

Mshubiri ukichanua hakosi, ule mkonga wake mgumu wa maua anaukalia vizuri. Tekomaria, ile ya maua ya chungwa watu wanayofanyia fensi, nzuri sana, na huo nao usiukate kila wiki. Mhibiskasi anautoboa kwa chini anaiba asali. Na kama una mgomba nyuma ya nyumba tayari umeanza, tazama lile ua linaloning'inia asubuhi mapema.

Wakizoea wanajenga hapohapo kwako, kifuko kirefu cha nyasi, majani makavu na utando wa buibui kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, mlango uko ubavuni. Ukikikuta kwenye tawi ulilopanga kukata ahirisha, makinda wakishaanguliwa wanahitaji wiki mbili hivi au zaidi kidogo ndo waruke.