Filamu ya Jekyll na Hyde kwa pesa kidogo: anza na kitabu, si na filamu za wenzako

Wengi wanaonitafuta kuhusu filamu ya kutisha inayotokana na riwaya ya zamani huanza na swali la kamera. Mimi huwauliza kwanza kama kitabu chenyewe wamekisoma. Sisemi filamu yake wala muhtasari wake, nasema kitabu, toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa mtayarishaji asiye na pesa, maswali mengi ya bajeti majibu yake yamo humo ndani. Waliotutangulia ndio waliongeza mambo ya gharama.

Mimi na wenzangu hapa Tanga tulichukua Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde ya Robert Louis Stevenson, yule yule wa Kisiwa Chenye Hazina. Ni hadithi ya Jekyll, daktari mwenye heshima zake, anayekunywa dawa na kugeuka mtu mwingine mwovu, Hyde. Ilichapishwa London mwaka 1886. Ni fupi, unaimaliza kwa jioni moja, na Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wanaitoa bure. Stevenson alifariki Samoa mwaka 1894, kwa hiyo hakimiliki yake ilikwisha zamani na huna mtu wa kumlipa wala kumwomba ruhusa.

Hili la haki lichukulie kwa uzito hata kama filamu yako ni ya dakika ishirini. Mwaka 1922 kampuni ndogo ya Ujerumani, Prana-Film, ilitoa Nosferatu, iliyochukua hadithi ya Dracula na kubadilisha majina na mambo machache. Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, alikuwa amefariki mwaka 1912, hakimiliki bado hai, na mjane wake Florence akaenda mahakamani. Mwaka 1925 ikaamriwa nakala ziharibiwe. Tunaiona leo kwa sababu baadhi ya nakala ziliponyoka, na Prana haikutoa filamu nyingine. Halafu kuna mtego ambao vijana wengi hawauoni: kitabu kinaweza kuwa huru, lakini vilivyoongezwa na filamu za baadaye, au tafsiri ya mtu mwingine, vikawa na mwenyewe. Yule mwanamke Ivy wa filamu ya Jekyll na Hyde ya 1931 hayumo kitabuni. Dialogi zako ziandike mwenyewe kutoka kwa Stevenson na utalala usingizi.

Sasa tazama kitabu kinavyombeba mnyonge. Kwenye filamu tumezoea Hyde jitu lenye meno na manyoya, na hapo ndipo bajeti inapokufa. Kwa Stevenson, Hyde ni mdogo kuliko Jekyll, mfupi na mwembamba zaidi. Kila anayekutana naye anahisi ana kilema, lakini akiulizwa kiko wapi hawezi kukitaja. Na akionekana ndani ya nguo za daktari zinampwaya, suruali imekunjwa, kola imelala mabegani. Mambo ya plastiki na sura za bandia hayana nafasi hapo. Fundi cherehani wa mtaani alitushonea koti moja mara mbili kwa kitambaa kile kile, la kwanza limemkaa mwigizaji sawasawa, la pili limezidi mabegani na mikono inafunika vidole. Jamaa alipoingia seti na koti la pili, amepinda mgongo kidogo na kushusha kidevu, mama aliyekuwa anatupikia aliuliza yule mgeni ni nani.

Mahali pa kupigia nako kitabu kimekurahisishia. Nyumba ya Jekyll ina sura mbili: mbele ni nyumba ya mtu mwenye heshima zake, nyuma kuna mlango uliochakaa usio na kengele wala kibisho, na huko ndiko Hyde anakopita. Ukipata nyumba moja ya zamani yenye mlango wa barabarani na mlango wa uchochoroni, umepata lokesheni karibu zote. Ukungu wa London usiuige. Moshi wa kununua unakula pesa na bado unaonekana wa uongo. Hadithi inasimama popote penye mtu anayeogopa kuvunjiwa heshima yake mbele ya majirani.

Ila kuihamishia nyumbani kuna kazi yake, na hapa nawasihi sana msikimbie. Kitabuni fumbo linaanza na wasia. Wakili Utterson ana wasia wa Jekyll unaosema mali yote iende kwa Hyde daktari akifa, au akitoweka kwa zaidi ya miezi mitatu. Sisi daktari wetu tulimfanya Mwislamu wa mwambao. Siku ya kusoma skripti, mzee aliyeigiza wakili akaweka karatasi chini. "Wanangu, wasia huu hausimami. Asiye mrithi hapewi zaidi ya theluthi, mpaka warithi waridhie. Mtazamaji wa hapa atawacheka." Tukakaa naye hadi usiku, na kilichotoka kilikuwa kikali kuliko tulichoanza nacho: badala ya wasia, wakili anakuta hati ya hiba. Daktari anaitoa nyumba yake sasa hivi, akiwa hai na akili timamu, kwa mtu ambaye ndugu zake hawamjui. Na kwa kuwa hiba haikamiliki mpaka aliyepewa akabidhiwe, wakili ana sababu ya kwenda kugonga ule mlango wa nyuma kumtafuta huyo Hyde. Katika timu yako awepo mtu mzima anayejua sheria na mila za mahali, na umpe chai na nafasi ya kuzungumza.

Nije kwenye badiliko lenyewe la Jekyll kuwa Hyde, maana ndilo linaloulizwa zaidi. Mwongozaji Rouben Mamoulian na mpigapicha wake Karl Struss walilifanya mwaka 1931 mbele ya kamera bila kukata, na Struss alikuwa ameshautumia ufundi huo kwenye filamu ya Ben-Hur ya 1925. Mwigizaji alipakwa mistari myekundu usoni. Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe, chini ya mwanga uliopita kwenye chujio jekundu mistari ile haionekani. Ukibadilisha chujio la rangi, inajitokeza myeusi kana kwamba uso unaharibika wenyewe. Leo kinachohitajika ni balbu mbili za LED zinazobadilika rangi kwa rimoti, rangi ya mdomo, na simu. Unapiga kwa rangi, kisha unaondoa rangi wakati wa kuhariri. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa.

Lakini ufundi ule ulipimwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi unageuka, na hakuna aliyenieleza hili, tuliliona kwenye majaribio. Chini ya taa nyekundu, wekundu mkali hung'aa kuliko ngozi, kwa hiyo badala ya kupotea mistari inatokeza. Basi tukaanza upande wa pili. Taa ya kijani ndiyo ikawa ya uso wa kawaida, na rangi ya mdomo tukaichanganya kidogo kidogo na foundesheni ya rangi ya ngozi ya mwigizaji mpaka mistari ikapotea kwenye kijani. Tulipoisogeza taa polepole kwenda nyekundu, mishipa ikapanda usoni mieupe kama majivu. Naipenda kuliko ile ya 1931. Funga mwangaza na mizani ya rangi ya simu kabla ya kuanza, la sivyo simu itajirekebisha yenyewe na kukuharibia kazi. Taa nyekundu iwe hafifu kuliko unavyodhani, kwa sababu picha za simu hujaa wekundu haraka na kupoteza alama za uso.

Na hata hilo litumie mara moja tu. Sura ya kitabu ninayoiona ya kutisha kuliko zote ni fupi mno: wakili na ndugu yake wamesimama uani wanaongea na Jekyll aliye dirishani, ghafla tabasamu linamtoka, uso unajaa hofu, dirisha linafungwa kwa kishindo. Wale wawili wanaondoka bila kusema neno. Ni sini ya dirisha moja na watu watatu, na inatosha kumkosesha mtu usingizi.

Pesa uliyo nayo ipeleke kwenye sauti. Mtazamaji atavumilia picha yenye chengachenga lakini hawezi kuvumilia maneno asiyoyasikia. Kodi maiki nzuri ya kubana kwenye nguo, panga ratiba kwa kufuata vipindi vya sala, zima friji na uweke funguo zako ndani yake ili usiondoke bila kuliwasha tena. Kila chumba rekodi ukimya wake kwa nusu dakika, mhariri atakushukuru. Halafu rudi kwa Stevenson: katika usiku wa mwisho mtumishi Poole anamwambia wakili asikilize nyayo nyuma ya mlango, na hazifanani na za bwana wake, ambazo ni nzito na zenye mlio. Hizi ni nyepesi, zina mwendo wa ajabu. Nyayo hizo tulizirekodi kwenye sakafu ya mbao usiku wa manane, viatu vya ngozi kwa daktari na makubadhi kwa Hyde. Sini nzima ni watu wawili wamesimama mbele ya mlango uliofungwa.

Kibali usikiruke. Tanzania bara filamu iko chini ya sheria ya mwaka 1976 na Bodi ya Filamu ndiyo unayoiendea, kabla ya kupiga na si baada. Mkataba na kila mwigizaji uwe wa maandishi, hata ndugu yako, hata kama malipo ni nauli na chakula. Na chakula kiwe cha maana. Watu wanaokukopesha usiku wao hawastahili mandazi ya jana.

La mwisho ni mpangilio wa hadithi. Wasomaji wa 1886 walifika karibu na mwisho bila kujua kwamba Jekyll na Hyde ni mtu mmoja. Wazungu leo wote wanajua, ndiyo maana filamu zao huanza na daktari na maabara yake. Watazamaji wetu wengi hawajakisoma, kwao siri bado ni mbichi, na hiyo ni mali ambayo studio kubwa haiwezi kuinunua. Basi fuata kitabu: anza na wakili, mwache ahangaike, mwache mtazamaji adhani daktari anatishwa na mhuni fulani. Kwenye posta usiweke uso uliogawanyika nusu kwa nusu, weka ule mlango wa nyuma. Kwenye trela asionekane mtu akibadilika. Na mwanzoni mwa filamu, kwenye orodha ya waigizaji, jina la Hyde lisitajwe kabisa. Liache mpaka mwishoni, mwigizaji yuleyule aandikwe mara mbili.