Tochi yako haina kosa, fundi

Barua za masonara zimejaa tena, na nusu yake zinailaumu tochi, ile ya gesi ya kupashia chuma moto. Nachukua chache.

Asubuhi moto unasuasua, ikifika saa sita unakuwa mzuri. Tochi imekufa? (Makambako)

Haijafa, inasikia baridi kama wewe. Gesi ya kujazia viberiti ni butani, nayo huchemka karibu na nyuzi 0. Asubuhi za Juni na Julai huko kwenu zina baridi kali, kwa hiyo ndani ya kitangi msukumo wa kuitoa nje ni mdogo. Ivalie koti juu yake wakati unakunywa chai. Kando ya jiko la mkaa usiiweke hata dakika moja.

Mwenzangu anajaza tochi kutoka mtungi wa kupikia. Ni nafuu, nami nifanye? (Uyole)

Usifanye. Gesi ya jikoni huwa na propani, na propani kwenye nyuzi 20 ina msukumo kama mara nne wa butani. Kitangi cha tochi hakikuundwa kubeba mzigo huo. Mwenzako bado ana bahati tu.

Nikijaza, gesi inanirukia mkononi na tochi haijai. (Tukuyu)

Ndani kuna hewa. Toka nje, tochi iwe imezimwa na imepoa. Bonyeza valvu ya kujazia kwa bisibisi ndogo mpaka mlio uishe. Igeuze tundu la kujazia litazame juu, pindua chupa ya gesi, shindilia wima bila kuyumba. Halafu subiri dakika tano kabla ya kuwasha. Najua hamsubiri. Gesi iliyomwagika ni nzito kuliko hewa, inatambaa mezani kimyakimya. Nyusi yangu ya kushoto ilikwenda kwa haraka hiyohiyo.

Solda ya fedha inajikunja kuwa kitone kwenye pete, haitambai. Nimenunua tochi kubwa zaidi na bado. (Mwanjelwa)

Hili nimelijibu hadi nimechoka, na kila mara mtu ameshanunua tochi nyingine kabla ya kuuliza. Inua hiyo pete uelekee dirishani. Unaona mwanga katikati ya maungio? Basi rudi kwenye tupa. Solda haizibi pengo, inapita pale chuma kinapogusana na chuma. Ukimaliza piga msasa, na usipashike tena na kidole ulichotoka kulia chipsi. Paka boraksi, ule unga mweupe unaoisaidia solda kutambaa.

Sasa moto. Wengi mnaichoma solda yenyewe, pete imekaa baridi. Solda hukimbilia penye joto, kwa hiyo zungusha moto pete nzima, ukianzia upande ulio mbali na maungio. Boraksi itafura nyeupe, italala, itang'aa kama kioo. Hapo solda itameta ghafla na kunywewa na ule mstari. Ondoa moto papo hapo, kwa sababu fedha ya 925 (fedha sehemu 925 kwa 1000) inakuwa uji kabla ya nyuzi 900. Fanyia kivulini, juani huoni chuma kikianza kuiva wekundu.

Na ile solda ya mafundi redio iache kwa mafundi redio. Madini ya risasi yaliyomo yatatoboa fedha siku utakapoipasha tena.

Naweza kupunguza pete bila kutoa tanzanaiti? (Iringa)

Ukitaka moto ukupasulie tanzanaiti vipande viwili, ndiyo.

Mdomo wa tochi umeziba, sindano ipi inafaa? (Iringa tena)

Hakuna. Sindano inalipanua tundu, moto unapinda daima. Nenda kwa wajaza upepo wa matairi, wakupulizie.

Nimenunua dhahabu Chunya, bado ina zebaki. Niichome kwa tochi chumbani, dirisha wazi? (Mbeya mjini)

Hapana, na uwani pia hapana. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, tochi yako inavuka hapo upesi sana, na mvuke wake hauonekani wala hauna harufu. Unaingia mapafuni, mwingine unarudi kutua ukutani na kwenye godoro la mtoto. Hata dhahabu iliyokwisha kuwa njano hubaki na zebaki kidogo, nayo hutoka siku ya kuyeyusha. Ndiyo maana sonara anaugua bila kukanyaga mgodini. Irudishe kwa mwenye retoti, kile chombo kinachofungwa na kunasa mvuke. Umesema "bado ina", kwa hiyo nadhani umeshajaribu mara moja. Chombo ulichochomea kisirudi jikoni.