Mji wa baridi na mtu anayehamia peke yake: hesabu za kufanya ukiwa bado Kisumu

Vijana wengi wa Kisumu, Nakuru na Kakamega wanaojaza fomu za Canada au Finland huuliza swali moja: "Nitaiweza ile baridi?" Utaiweza. Nyumba za kule huwashwa hita hadi nyuzi 20 hivi usiku na mchana, mabasi yana joto, na makoti ya kazi hiyo yapo madukani. Wanaorudi, au wanaobaki kule wakiwa wamenyong'onyea, kwa kawaida wameshindwa na mambo mawili: giza, na umbali kati ya mlango wao na binadamu mwenzao. Aliyehama na familia ana watu wa kuzungumza nao akivua tu viatu. Wewe unayekwenda peke yako, kila mazungumzo yasiyo ya kazi utayafuata kwa miguu au kwa basi, theluji ikianguka.

Hata hivyo baridi yenyewe ina hesabu zake, na ni vizuri uzijue. Chukua Winnipeg, mji wa Canada ambao Wakenya wengi huufikiria kwa sababu mkoa wa Manitoba una mpango wake wa kuteua wahamiaji. Usiku wa Januari kule wastani ni karibu nyuzi -21, na mchana karibu -11. Friza ya duka inayohifadhi mbuta huwekwa nyuzi -18, kwa hiyo usiku wa kawaida wa Winnipeg ni baridi kuliko ndani ya friza. Usiende kulala Timboroa, kule nyanda za juu zenye baridi, mwezi Julai ukidhani umejipima. Kisha ongeza upepo: kukiwa nyuzi -20 na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi huhisi kama -33. Idara ya hali ya hewa ya Canada huonya kwamba kipimo hicho cha upepo kikiwa kati ya -28 na -39, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ishike hiyo dakika ya 10, utaihitaji wakati wa kuchagua nyumba.

Giza ndilo watu hulipuuza, kwa sababu sisi wa Ikweta hatujawahi kuliona. Kisumu mchana ni saa kumi na mbili na dakika chache, Januari hadi Desemba. Winnipeg, tarehe 21 Desemba jua huchomoza saa 2:24 asubuhi na kutua saa 10:29 jioni, yaani mchana wa saa nane na dakika chache tu. Minneapolis huko Marekani ni saa nane na dakika 46. Helsinki, mji mkuu wa Finland, ni saa tano na dakika 49: jua linatoka saa 3:24 asubuhi na saa 9:13 alasiri limekwisha kuzama. Na lisikudanganye neno "mchana". Saa sita mchana mwezi Desemba, jua la Winnipeg huwa limepanda digrii 17 hivi tu juu ya upeo, na la Helsinki digrii 6 hivi, kiasi kwamba jengo la ghorofa tatu ng'ambo ya barabara linakufunikia. Winnipeg ina nafuu moja kubwa: anga lake la majira ya baridi mara nyingi halina mawingu. Helsinki, Novemba na Desemba hutawaliwa na mawingu. Ukituuliza, kwa mtu wa peke yake nyuzi -25 zenye jua ni rahisi kubeba kuliko nyuzi 0 zenye mawingu ya wiki tatu mfululizo.

Sasa weka kazi juu ya giza hilo. Ajira ya kwanza ya wageni wengi ni kuhudumia wazee au kufanya kazi bohari, na zamu wanazopewa wageni mara nyingi ni za usiku. Ukitoka zamu saa mbili asubuhi mwezi Desemba, jua halijatoka. Ukifika nyumbani, ukaoga, ukala, ukalala saa tatu, utaamka saa kumi na moja jioni likiwa limezama. Wiki nzima inaweza kupita bila wewe kuliona jua. Ongeza hapo chumba cha chini ya ardhi chenye kidirisha cha futi moja, ambacho ndicho nafuu na ndicho wageni hukimbilia, na umekamilisha matayarisho ya kuugua sonona, yaani huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa. Kati ya vitu vitatu, yaani zamu ya usiku, chumba cha chini ya ardhi na msimu wa baridi wa kwanza, usikubali kuwa navyo vyote kwa pamoja. Kama zamu haiepukiki, lipa zaidi upate chumba chenye dirisha linaloangalia kusini, kwa sababu kule jua la baridi hupita upande wa kusini mwa anga.

Kuna vitu viwili vinavyosaidia kweli. Cha kwanza ni taa maalumu ya mwanga wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha nguvu ya mwanga). Inawekwa mezani sentimita 40 hadi 60 kutoka usoni, pembeni kidogo, kwa dakika 20 hadi 30 mara tu unapoamka. Huikodolei macho, unakunywa chai yako mbele yake. Ukiitumia jioni itakunyima usingizi. Anza Oktoba, usingoje hadi uanze kuhisi uzito. Mwenye historia ya maradhi ya hisia zinazopanda na kushuka vikali amuulize daktari kwanza, kwani taa hiyo inaweza kumchochea. Cha pili ni vitamini D. Katika latitudo hizo jua la baridi halina nguvu ya kuifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo, na ngozi nyeusi huhitaji jua jingi zaidi kuliko nyeupe. Kiwango kinachopendekezwa Canada kwa mtu mzima hadi miaka 70 ni yuniti 600 kwa siku. Hakuna haja ya kumeza dozi kubwa kubwa bila kupimwa.

Nyumba. Kabla hujatuma hata senti, pata anwani kamili, fungua ramani ya Google na upige safari nne: kwenda kazini au chuoni ukitakiwa kufika Jumanne saa moja asubuhi, kurudi saa tano usiku, kwenda kanisani au msikitini siku yako ya ibada, na kwenda duka la vyakula Jumamosi. Kwa kila safari andika dakika za kutembea, dakika za kungoja kituoni na idadi ya mabasi ya kubadilisha. Kutembea kusizidi dakika 8 kwa upande mmoja, na kubadilisha basi kusizidi mara moja. Sababu ni ile dakika ya 10: ukitembea dakika 12, basi likachelewa dakika 15, tayari umekaa nje karibu nusu saa. Mtu hufanya hivyo siku mbili, siku ya tatu anaahirisha kanisa, wiki ya sita ameacha kabisa. Upweke mwingi tunaoujua ulianzia kwenye kituo cha basi kilicho mbali. Jambo jingine: mtandao wa mabasi wa Winnipeg ulipangwa upya Juni 2025, kwa hiyo usitegemee namba za mabasi kutoka kwa mtu aliyehama mji huo zamani.

Muulize mwenye nyumba kama hita imo ndani ya kodi. Kama haimo, omba kuona bili za Januari na Februari zilizopita, maana hizo ndizo zinazovunja bajeti. Manitoba, sheria hairuhusu amana izidi nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Alberta, mkoa mwingine wa Canada, haizidi kodi ya mwezi mmoja. Anayekudai miezi mitatu kabla hujaona chumba, achana naye. Na mkataba wa kwanza uwe wa mwezi kwa mwezi ukiweza kuupata, hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu huujui mtaa bado.

Gari tunashauri lisiwemo katika mpango wa msimu wa kwanza. Linadai tairi za baridi, kwani mpira wa kawaida huanza kuwa mgumu chini ya nyuzi 7. Linadai pia hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme baridi ikishuka chini ya -15 hivi, na pa kuichomeka. Mji usiokalika bila gari haumfai mgeni wa peke yake mwenye akiba ndogo. Hapo ndipo Minneapolis inapohitaji kufikiriwa kwa makini. Jamii ya Wakenya kule ni kubwa, hasa watu wa Kisii, na wengi wako vitongojini kama Brooklyn Park. Unga wa ugali utaupata na watu wa nyumbani utawapata, lakini vitongoji vimetawanyika, na asiye na gari huwasikia tu kwenye simu.

Simu nayo ina hesabu yake. Majira ya baridi Winnipeg iko nyuma ya Kenya kwa saa tisa. Ukitoka kazini saa kumi na mbili jioni, ukitaka kumsikia mama, Kisumu ni saa tisa usiku. Nafasi yako ni kabla ya kazi, saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, wakati nyumbani ni saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, au asubuhi za wikendi. Helsinki iko nyuma kwa saa moja tu wakati wa baridi, na kiangazi saa ni zile zile za Kenya. Mtu ambaye bila kuzungumza na ndugu zake kila jioni hatulii, Helsinki itamfaa zaidi kwa hilo, giza lake lote likiwemo, ila ajue kwamba bila Kifini milango mingi ya kazi hubaki imefungwa.

Kuna jaribio la kufanya ukiwa huku huku, na linasema mengi kuliko kipimajoto chochote. Chagua wikendi tatu zinazofuatana. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi usiende nyumbani Ahero wala Bondo, usitembelewe na mtu unayemjua, na simu za ndugu zipokee mara moja tu kwa siku. Unaruhusiwa kuzungumza ana kwa ana na watu usiowajua tu: kanisa jipya, kwaya, darasa la jioni, uwanja wa mazoezi. Ukifika wikendi ya tatu una namba ya mtu mmoja na mwaliko mmoja, hata wa chai, una uwezo ambao mji wa baridi utaudai. Ukijikuta umekaa kitandani na simu wikendi zote tatu, huo si upungufu wa tabia, lakini ni taarifa nzito: chagua mji ambao tayari una ndugu au rafiki wa karibu, au msafiri mkiwa wawili na mpange pamoja.

Kabla ya Novemba ya kwanza uwe na watu watatu kwa majina: anayeshika ufunguo wako wa akiba, anayeweza kukupeleka hospitali usiku, na atakayeshtuka usipoonekana ifikapo Jumapili. Wanaweza kuwa jirani, mfanyakazi mwenzako na mzee wa kanisa. Ndiyo maana mwezi wa kufika una uzito. Kati ya Mei na Septemba watu wako nje, kuna nyama choma bustanini na madarasa mapya yanaanza, na hapo ndipo urafiki hushonwa. Anayetua Januari huwakuta watu wamejifungia, na mialiko ya kule hupangwa kwa tarehe, si kwa kupita tu na kubisha hodi kama tulivyozoea. Akipita mwezi hajaalikwa, hudhani anachukiwa.

Nguo ni jambo dogo. Nunua soko la Kibuye, Kisumu, nguo za ndani za sufu au poliesta seti mbili, sweta nene mbili na soksi za sufu jozi nne. Pamba usiivae mwilini, hunyonya jasho na kukupoza. Koti na buti nunua kule, hata kwenye maduka ya mitumba kama Value Village. Buti ziache nafasi ya soksi nene, kwa sababu zikibana damu haipiti na vidole huganda kwanza. Glavu za kidole kimoja kimoja ni baridi kuliko zile zinazokusanya vidole vinne pamoja. Kidole kikiwa cheupe na kimekufa ganzi, ingia ndani ukitie kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39. Usikisugue.

Kuhusu fedha, Canada ilipandisha kiwango ambacho mwanafunzi wa peke yake huonyesha kutoka dola 10,000 hadi 20,635 mwanzoni mwa 2024, mbali na karo na nauli, na hakijaacha kupanda. Karo ilipe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Wazazi walioandamana Eldoret mwaka 2023 kuhusu mpango wa masomo wa Finland na Canada walikuwa wamepitisha karo kwa mkono wa kati.

Tunamshauri aahirishe mwaka mmoja mtu ambaye ametoka kufiwa au kuachana na mwenzake na anataka tu kwenda mbali. Yule ambaye akiba yake itaisha kabla ya Machi, kwa kuwa kuhama nyumba katikati ya theluji ni kugumu na ghali. Na aliyewahi kuugua sonona na hajamwona daktari hivi karibuni. Huyo wa mwisho si kwamba hawezi kwenda. Amwone daktari hapa, apange kufika Mei, abebe nakala ya rekodi zake na dawa za angalau miezi miwili zikiwa na cheti chenye jina la asili la dawa badala ya la kibiashara, na atafute daktari wa familia wiki ya kwanza, kwa sababu foleni za kumpata ni ndefu.