Faili la 4.86 MB linazidije kikomo cha 5 MB?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza programu ya Python ya kupokea kazi za wanafunzi. Kikomo nimekiandika "5 MB", na maktaba ya humanfriendly inakigeuza kuwa namba. Juzi kijana kaleta faili ambalo Windows inasema ni 4.86 MB, programu ikalikataa. Anadhani namwonea. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hesabu zote mbili ni sawa, ila mnapima kwa vibaba tofauti. Angalia idadi ya baiti za hilo faili. Utakuta kama 5,100,000. Windows inagawa kwa 1,048,576, yaani 1024 mara 1024, inapata 4.86, kisha inaandika MB. Lakini parse_size, ile amri ya humanfriendly inayogeuza maandishi kuwa namba, ikiona "5 MB" inazidisha kwa milioni kamili, basi kikomo ni 5,000,000. Ndiyo kesi ya aliyenunua fleshi ya 64 GB Kariakoo, akaichomeka, akaona 59.6, akarudi dukani amefura.

IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme na elektroniki, walitoa majina ya kutenganisha vibaba hivi tangu 1998: MB ibaki ya milioni, ile ya 1024 iitwe MiB, mebibaiti. (Kulitamka ulimi wangu bado unagoma.) Maktaba yako inalielewa. Andika "5 MiB", au ongeza binary=True unapoita parse_size, na kijana atapita. Mimi ningeandika MiB, kwa sababu hata atakayerithi msimbo wako wa programu ataona ulimaanisha nini.

Hili hukuuliza, ila liliwahi kuniumbua. Kwenye hifadhidata weka baiti, usiweke "4.9 MB". Niliitengenezea steshenari moja orodha ya video, ukubwa nikauhifadhi kama maandishi. Kupanga kuanzia dogo, "10 MB" ikatangulia "9 MB", maana kwa herufi 1 iko mbele ya 9. Nikasema basi nizigeuze ziwe namba. Wapi! Faili la baiti 4,860,000 lilishaandikwa "4.9 MB", ukilisoma upya unapata 4,900,000. Zile 40,000 zimetoka hewani, na ilibidi nipime mafaili yote upya usiku kucha.

Na mtu akikuandikia "5 Mb" kwa b ndogo, muulize kwanza. Huenda anamaanisha megabiti, na hizo nane ndiyo megabaiti moja.