Dirisha la Mtarakwa na Fila ya Gari

SWALI: Habari fundi. Tumerithi nyumba ya mawe hapa Parklands, ya miaka ya 1950. Madirisha ni ya mbao nyekundu ambayo ukiiparua inanukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Rangi inabambuka kila mwaka na pembe za chini zimeanza kuoza. Fundi mmoja anasema tupake oili chafu, tujaze mashimo kwa fila ya magari, kisha rangi ya glosi. Mwingine anataka tung'oe yote tuweke alumini. Tumfuate yupi? – Mama wa watoto wawili

JIBU: Dada, usimfuate hata mmoja. Harufu hiyo ni ya mtarakwa, mti ule ule uliochongwa penseli zamani, na ambao nguzo zake hukaa ardhini miaka mingi mchwa wasiziguse. Ukiung'oa, seremala atakuletea saiprasi, mara nyingi ingali mbichi.

Jambo linalonichosha, na nalisikia karibu kila wiki, ni imani kwamba dirisha likioza dawa yake ni kulifunika. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu haimei kwenye mbao kavu. Unyevu ukibaki chini ya asilimia 20, mbao iko salama. Basi swali ni maji yanaingilia wapi. Yanaingia pale puti, ule ugoro unaoshikilia kioo, ilipopasuka, yanateremka hadi kwenye maungio ya chini, na hapo ncha za mbao zilizokatwa huyanywa kama utambi unavyonywa mafuta taa. Ukipaka glosi juu yake, umeyafungia ndani. Jua la Januari likipiga, yanatafuta pa kutokea na kuinua rangi. Ndiyo maana yako inabambuka kila mwaka.

Fila ya gari ilitengenezwa kwa bati. Mbao huvimba wakati wa masika na kunywea kiangazi, fila haifuati. Panafunguka ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia, hayatoki. Nimewahi kuing'oa fila kama hiyo kwa kidole, ikatoka nzima kama kizibo, na nyuma yake mbao imekuwa kama kahawa iliyolowa. Kabla ya fila, pale palikuwa na shimo la kuingia kidole gumba tu. Nayo oili chafu haiui kuvu, inazuia puti na rangi kushika, na inaingiza uchafu wa injini ndani ya nyumba mnamolala. Fundi anayeanza na oili chafu mlipe nauli aende.

Kazi yenyewe ifanywe siku za ukavu. Dunga kila pembe kwa bisibisi. Inapozama, kata hadi ufikie mbao ngumu, kisha unga kipande cha mtarakwa mkavu kwa mshazari, kwa gundi isiyoogopa maji. Tumia mbao nyekundu ya kiini, kwani ile nyeupe ya nje huoza haraka. Paka praima kwanza, hasa kwenye ncha, ndipo utie puti ya mafuta ya kitani. Iache wiki moja au mbili ifanye ngozi. Rangi ya mwisho ipande juu ya kioo milimita 2 ili izibe mwanya. Na ule mfereji mdogo chini ya kizingiti usizibwe kwa rangi wala saruji, maana ndio unaodondosha maji mbali na ukuta.

Lakini kabla ya yote hayo: rangi za miaka hiyo nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Mafundi wengi huzichoma kwa moto au kuzipiga msasa mkavu sebuleni, watoto wakicheza hapo hapo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kataa moto, kataa mashine ya msasa. Paruzeni mbao ikiwa imeloweshwa, turubai limetandazwa chini, watoto wakiwa kwa shangazi. Mkimaliza, futeni sakafu kwa kitambaa kibichi, msifagie, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.