Kwa nini enkoda inayoihudumia satelaiti vizuri husumbua kwenye intaneti

Salamu kwenu. Mwenzetu ameuliza kwa nini enkoda (mashine ya kubana video) ya kituo chao, ambayo kwa muda mrefu imepeleka picha safi kwenye satelaiti kwa wastani wa megabiti 8 kwa sekunde, inaleta mikwamo na picha yenye vigae pale mkondo uleule unapoingizwa kwenye intaneti, na kama dawa yake ni kununua mashine yenye nguvu zaidi. Nimeshughulika na enkoda katika vyumba vya urushaji vya televisheni, kisha katika utiririshaji, na maoni yangu ni kwamba mashine haina tatizo. Satelaiti na intaneti zinaidai enkoda mambo tofauti, na mkondo uliopangwa kwa ajili ya moja haufai kuchepushwa tu kwenda kwa nyingine.

Kwanza tuuone ukubwa wa kazi yenyewe. Kamera ya HD hupeleka picha kwa enkoda kupitia kebo ya SDI, yaani ya picha isiyobanwa, inayobeba gigabiti 1.485 kwa sekunde. Ukiondoa sauti na nafasi za usawazishaji, picha ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye fremu 25 kwa sekunde na biti 20 kwa kila pikseli, inabaki takribani gigabiti 1.04. Kuishusha hadi megabiti 8 ni kubakiza sehemu moja kati ya 130, na bado mtazamaji asione kilichotupwa. Hatua ya kwanza ni nyepesi: jicho la mwanadamu huona tofauti za mwangaza vizuri kuliko tofauti za rangi, kwa hiyo taarifa za rangi hupunguzwa, kina cha biti, yaani idadi ya biti kwa kila thamani ya mwangaza au rangi, hushushwa kutoka 10 hadi 8, na hapo unafika kwenye megabiti 622 hivi. Kazi yote iliyobaki hufanywa kwa kubashiri.

Enkoda huigawa fremu katika miraba, ya pikseli 16 kwa 16 katika H.264, mfumo wa kubana video wa mwaka 2003, na hadi 64 kwa 64 katika HEVC, mrithi wake wa mwaka 2013. Kwa kila mraba hutafuta sehemu inayofanana nao katika fremu zilizokwisha kupita au, mpangilio ukiruhusu, katika fremu zinazofuata. Ikiipata, haitumi picha ya mraba huo, bali hueleza mahali pa kuuchukua na kuongeza tofauti ndogo iliyobaki. Tofauti hiyo hugeuzwa kihisabati kuwa namba zinazoeleza mabadiliko ya taratibu na ya haraka ndani ya mraba, kisha namba hizo hugawanywa na kuzungushwa, yaani kukadiriwa hadi namba nzima iliyo karibu, ili nyingi ziwe sifuri. Ukiacha rangi na kina cha biti vilivyopunguzwa mwanzoni, ubora hupotea hapo kwenye kuzungusha. Enkoda inapobanwa na bajeti ya biti huzungusha kwa ukali zaidi, na mipaka ya miraba huanza kuonekana.

Kwa namna zinavyobashiriwa, fremu ziko za aina tatu: ya I hujitegemea, ya P hubashiriwa kutoka fremu za nyuma, na ya B hutazama pande zote mbili. Ya I huwa kubwa mara kadhaa kuliko ya P, na ya B kwa kawaida ndiyo ndogo kuliko zote. Tofauti hii ya ukubwa ndiyo kiini cha swali lako, ingawa haionekani kwenye wastani wa megabiti 8 unaosomeka kwenye kioo cha mashine.

Enkoda ya matangazo ya moja kwa moja ina shida ambayo ile ya kubana faili haina. Faili unaweza kulipitia mara mbili, ukajua mapema ni wapi pagumu, ukapahifadhia biti. Tangazo la moja kwa moja linakupa milisekunde 40 kwa kila fremu kama ni fremu 25 kwa sekunde, au 20 kama ni 50, na hujui kama sekunde ijayo ni mtangazaji aliyetulia au uwanja mzima unaoruka kwa shangwe. Unaweza kuiruhusu enkoda itazame mbele, lakini unalipa kwa ucheleweshaji: kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu 50 za kutazama mbele ni sekunde 2 zilizoongezeka kabla picha haijatoka kwenye mashine.

Kinachosimamia matumizi ya biti ni bafa ya dikoda, yaani hifadhi ya muda ya kifaa kinachofungua video upande wa mtazamaji, ambayo enkoda huiiga ndani yake ili isiizidi nguvu. Ni kama tangi linalojazwa na bomba kwa kasi ileile muda wote, huku ndoo za ukubwa tofauti zikichota kila baada ya milisekunde 40. Bafa ikiwa kubwa, enkoda inaweza kutumia biti nyingi kwenye fremu ngumu kisha ikabana matumizi baadaye, na picha huwa nzuri. Bafa ikiwa ndogo, mtiririko unakuwa tulivu lakini fremu ngumu zinaumia. Kupanga namba hii naona ndiyo kazi muhimu kuliko zote kwenye enkoda, na inasikitisha kuona watu wakibishana juu ya ukubwa wa picha huku bafa ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani.

Kwenye satelaiti, chaneli kadhaa hugawana uwezo wa jumla usiobadilika. Kifaa kinachozichanganya huiambia kila enkoda, muda baada ya muda, itumie biti ngapi: chaneli ya mpira ikihitaji megabiti 14 inapewa, na ile ya mazungumzo inashushwa hadi 3. Nafasi isiyotumika hujazwa pakiti tupu, na jumla haitikisiki. Ninashuku kwamba mkondo wenu ni wa namna hiyo. Wastani wake ni 8, lakini ndani ya sekunde chache unaweza kuruka hadi 14, na laini ya intaneti yenye nafasi ya 10 inazidiwa papo hapo. Pakiti zinapotea, na pakiti moja iliyopotea ndani ya fremu ya I huchafua kila fremu inayoitegemea mpaka fremu nyingine ya I ifike. Kwa hiyo vigae mnavyoviona huenda vinatokana na pakiti zilizopotea njiani, wala si na uhaba wa biti. Kuvitofautisha ni rahisi: vya uhaba hufuata ugumu wa picha na kuondoka nao, ilhali vya upotevu hutokea ghafla, wakati mwingine na rangi zisizohusika kabisa, kisha husafika kwa mara moja.

Dawa yake ni kuchukua picha mbichi, kabla ya kubanwa kwa ajili ya satelaiti, na kuibana upya kwa kiwango cha biti kisichobadilika au chenye kikomo kikali. Enkoda nyingi za vituo zina toko la pili linaloweza kufanya hivyo. Laini ya kutoka kituoni hadi kwenye seva nayo iangaliwe. RTMP, njia moja ya kupeleka video kwenye seva, husafiri juu ya TCP, utaratibu wa intaneti ambapo pakiti moja ikipotea zote zilizo nyuma yake husubiri. SRT, njia nyingine ya kazi hiyo, ambayo programu yake ilifunguliwa kwa umma mwaka 2017, hurudia kutuma kilichopotea ndani ya muda uliouweka wewe. Mimi huanzia mara nne ya muda wa pakiti kwenda na kurudi, yaani milisekunde 480 kwa laini yenye 120.

Jambo la pili ni mpangilio wa fremu za I. King'amuzi cha satelaiti kinajali tu kwamba mtazamaji akibadili chaneli asisubiri sana, kwa hiyo enkoda huachwa iweke fremu ya I popote mandhari yanapobadilika. Pleya ya intaneti inaishi kwa utaratibu mwingine. Katika HLS, ambayo Apple iliileta mwaka 2009, na katika DASH, mifumo miwili ya utiririshaji, video hukatwa vipande, na kila kipande hutolewa kwa viwango kadhaa, mathalani megabiti 5, 3, 1.5 na 0.7, ili pleya ihame kutoka kimoja hadi kingine kulingana na hali ya laini ya mtazamaji. Pleya haiwezi kuhama bila kukwaruza isipokuwa viwango vyote vina fremu ya I inayojitegemea mahali palepale hasa. Fremu ya I inayowekwa kiholela katika kiwango kimoja na kukosekana katika kingine ndiyo chanzo cha mikwamo mingi niliyoitwa kuitazama. Weka nafasi isiyobadilika ya sekunde 2 hivi, funga kila kundi la fremu, kutoka ya I moja hadi nyingine, lisitegemee fremu za kundi jirani, na mabadiliko ya mandhari yasiruhusiwe kuusogeza mpangilio huo.

Kama kamera zenu zinatoa picha ya mistari inayopishana, ibadilishwe kuwa fremu kamili kabla ya kupunguzwa ukubwa, na kwa michezo ifanywe fremu 50 kwa sekunde. Ukipunguza ukubwa kwanza, mistari inachanganyika, na hakuna chujio litakaloirudisha.

Kuhusu ucheleweshaji, mzigo mkubwa hauko kwenye enkoda. Kwa vipande vya sekunde 6, na pleya ya HLS ya kawaida ikianza vipande vitatu nyuma ya mwisho wa orodha, tayari ni sekunde 18. Vipande vifupi hupunguza hilo, lakini kila kipande kifupi kinahitaji fremu yake ya I, na fremu ya I ni ghali.

Mwisho ni saa. Alama za muda katika mkondo wa MPEG, muundo unaobeba video na sauti pamoja, huhesabiwa kwa mapigo 90,000 kwa sekunde ndani ya biti 33, hivyo hurudi sifuri kila baada ya saa 26 na nusu hivi. Niliwahi kuona chaneli iliyoganda kwa muda huohuo hasa, kwa sababu programu ya kukata vipande haikujua hesabu imeanza upya. Lijaribuni hili kabla ya kwenda hewani saa 24. Sauti iliyobanwa kwa mfumo wa AAC nayo huenda kwa mafungu ya sampuli 1024, yaani milisekunde 21.33 katika 48,000 kwa sekunde, na sekunde 2 kamili hazigawanyiki kwa mafungu hayo. Ndiyo maana, kwa fremu 25 kwa sekunde, mimi huweka fremu ya I kila baada ya fremu 48 badala ya 50, na kipande cha sekunde 3.84: video inakuwa fremu 96, sauti mafungu 180, na zote mbili zinakatika pamoja bila baki.